Leso ya Mke Mwenza Kiunoni mwa Bibi wa Kirumi

Kama juma lililopita gazeti lilikupita, au lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nitakufupishia. Mimi ni Ruqayya wa Kisauni, mtumishi wa ndani katika jumba moja la Al-Hamra, Jeddah. Bosi wangu Hatim alirudi kutoka Paris na mchoro wa chaki, kazi ya Mfaransa aliyekufa zamani. Niliposikia ni chaki nilicheka. Kama chaki ni mali, mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akipangusa utajiri kwa kitambaa kila jioni.

Kwenye mchoro huo wanawake wa Kirumi wa enzi za masanamu wanaoga penye chemchemi, kama walivyozaliwa. Mkubwa wao, bibi mwenyewe, amesimama pembeni kulia, mgongo kwetu. Aliyevaa nguo ni mjakazi mbeba mtungi peke yake, maana yeye alikuwa kazini.

Siku ya wageni kuja kuutazama, mama mkwe wa madam akapiga simu. Kashuka uwanja wa ndege kutoka Riyadh, yuko njiani. Mchoro hauwezi kuondolewa ukutani, ukiinuliwa king'ora kinalia mpaka polisi waje. Kuufunika wote pia haiwezekani, maana wageni wameitwa kuuona. Madam Abeer akanishika mabega.

"Ruqayya, wavishe. Wote. Wakiwa na adabu kabla mama hajaingia, ruhusa yako ya safari naibonyeza leo leo. Wallahi!"

Hilo lilikuwa neno zito. Kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, ni yeye. Bila kidole chake kwenye simu yake sitoki nchi hii, na binti yangu wa pekee, Mishi, anaolewa mwezi huu. Nikakoroga uji wa ngano, nikafungua sanduku langu, nikatoa kitambaa cha pekee nilichonacho ambacho si sare ya kazi: leso aliyonipa mke mwenzangu siku ninasafiri. Nikaikata, nikaibandika juu ya kioo cha mchoro. Mara nikasikia fimbo ya mama mkwe kwenye marumaru.

Hapo ndipo tulipoachana.

Mlango ukafunguka. Mama Hatim akaingia na tasbihi yake, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya mchoro. Akautazama. Akasogea karibu. Akaisogelea leso kama anayetafuta kasoro ya kitambaa.

Midomo ikamcheza. Nikajua nimekwisha.

"Sasa hawa ni watoto wenye wazazi," akasema. Akaketi, akaomba kahawa.

Madam akashusha pumzi iliyopeperusha pazia. Nami moyoni nikaanza kupanga sanduku.

Ngoja kwanza nikuambie leso yenyewe, maana wewe ni mtu wa kwetu na utaniuliza jina lake. Siku ya safari sikuwa na buibui la maana, nikaazima la mke mwenzangu. Akanipa kwa tabasamu. Uwanjani akaniongezea na leso, zawadi, imekunjwa vizuri. Nilikuja kuikunjua Jeddah, nikakuta imeandikwa: NGUO YA KUAZIMA HAISITIRI MATAKO.

Mwanamke yule alinitukana kwa ndege, wallahi.

Maneno yale marefu niliyapitisha viunoni mwa wale waogaji wote, kama shuka moja wameishika kwa pamoja. Neno la mwisho likaangukia pale pale kwa yule bibi mkubwa, panapohusika. Sikukusudia. Nafasi ndiyo iliyobaki hapo.

Wageni wakaja. Aliyetangulia ni Doktori Lamya, mwenye jumba la sanaa huko Riyadh, mwanamke wa miwani nyekundu, daktari asiyetibu mtu. Bosi Hatim alipoona mchoro wake umevishwa leso ya maua ya zambarau, uso ukamwiva. Doktori naye akausogelea mchoro.

"Nani amefanya hivi?"

Madam akanyoosha mkono kunionyesha mimi. Nikaanza kutubu dhambi zangu zote, hata zile ambazo bado sijazifanya.

"Haya ni mazungumzo!" Doktori akapaza sauti. "Uchi na sitara! Roma na Mashariki! Na mikato hii iliyopinda... makusudi kabisa. Uchungu ulioje!"

Mikato ilipinda kwa sababu mkasi ulikuwa wa kukatia kuku.

Kile kidole cha madam kilichokuwa kikija kwangu kikapunguza mwendo. Kikajikunja. Kikarudi taratibu mpaka kifuani pake mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

Bosi akamtazama mkewe kama anayeoneshwa mtu mpya. Wageni wakapiga makofi. Doktori akainama kwenye leso.

"Na maandishi haya?"

"Kilatini," akajibu madam, bila hata kumeza mate. "Cha zamani sana."

"Nilijua," Doktori akaitikia kwa kichwa. "Kina mdundo."

Mama Hatim alipaliwa na kahawa. Nikamkimbilia na maji, nikampigapiga mgongo. Nilimhurumia, mtu mzima yule.

Jioni nikamfuata madam jikoni, nimevaa uso wa unyenyekevu.

"Madam, ile ruhusa."

"Baada ya Riyadh. Doktori anataka mchoro kwenye maonyesho yake. Nani atauangalia uji ule?"

"Madam uliapa."

"Niliapa kabla sijawa msanii," akasema. "Yalla, vyombo."

Ndugu msomaji, kuna wizi wa mali na wizi wa jina, lakini wizi wa siku ya harusi ya mtoto wako hauna hata kituo cha polisi cha kuupeleka. Nililia ndani ya sinki.

Mama Hatim akakaa nasi siku kadhaa, na makao yake yakawa jikoni. Anasema sebule ina baridi. Atakaa kwenye kiti chake karibu na jiko, macho nusu, tasbihi inapita vidoleni, huku mimi nikikaanga. Siku ya kwanza nilipotoa mahamri mafutani akanyoosha mkono. "Mahamri," akasema. Nikadhani nilikwisha kumtajia jina nikasahau.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimpigia Mishi, simu juu ya meza, sauti wazi, mikono kwenye unga. Na hapa pana jambo ambalo nikikwepa kulikiri hadithi haitasimama. Nilimsema yule ajuza. Nilimsema mbele yake, kwa raha zangu zote, kwa lugha yangu.

"Mama, utakuja kweli?" Mishi akauliza. "Watu wa bwana arusi washauliza nani atapokea mahari, na baba ni marehemu."

"Nakuja, mwanangu. Huyu madam wangu kashaniapia."

"Aliapa na juzi. Mama, mimi nitaozwa na simu? Watakuweka kwenye kiti, wakuegemeze kwa gilasi ya shurubati?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hasira ikatafuta pa kwenda, ikamkuta aliye karibu.

"Yote haya ni mkosi wa bundi huyu wa Suwaidi," nikasema. "Angekaa mtaani kwake huko Riyadh akahesabu mvi, hao Warumi wangebaki uchi na mimi ningekuwa kwetu. Mungu amchukue kabla mahamri hayajaiva!"

"Yuko wapi?"

"Si huyu hapa ananikodolea. Kinywa wazi, kama droo iliyokwama."

Mishi akaangua kicheko. Mama Hatim naye akatabasamu na kunyoosha mkono apewe hamri jingine. Nikamchagulia lililoungua.

Tukaenda Riyadh. Mchoro ulisafiri ndani ya sanduku lenye sponji, umefungwa mkanda, na kijana wa shirika la ndege akiuliza kila mara kama uko salama. Mimi nilikaa nyuma karibu na choo, na hakuna aliyeniuliza.

Tulifikia kwa Mama Hatim huko Al-Suwaidi. Na Riyadh ikaniletea balaa lake. Jeddah kuna unyevu wa bahari, uji wangu ulishika vizuri. Riyadh hewa ni kavu, midomo inapasuka ukizungumza. Tulipofungua sanduku pale kwenye jumba la sanaa, uji ulikuwa umekauka mpaka unalia, na pembe ya leso imejikunja. Bibi wa Kirumi alianza kuchungulia nje.

"Bandika," akaninong'oneza madam. "Mtu akija, unafuta vumbi."

Nikawa nafuta vumbi kwa uji. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa, halafu anacheka, halafu kishindo. Nikageuka. Kijana mmoja wa suti na kitambulisho shingoni ameketi sakafuni, machozi yanamtoka.

"Aki dada," akasema kwa Kiswahili, "nani amewafanyia hawa watu hivi?"

Nilitamani kumkumbatia. Jina lake Dalmas Barasa, mtu wa Bungoma, amekuja kwa mkataba kupanga maonyesho na kuandika vile vibao vya maelezo. Akanionyesha kibao cha mchoro wetu. Doktori alikuwa ameshakiandika: Maandishi ya Kilatini, tafsiri yake, "Uzuri hujifunika umilele".

"Niliuliza kama wako sure," Dalmas akasema, akijipangusa. "Nikaambiwa kuna profesa ame-confirm."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Dada, niko na ikama ya kulinda, hiyo permit ya kukaa huku. Profesa akisema ni Kilatini, mimi ni nani? Nitasema ni cha Bungoma?"

Nikamweleza yote. Uji, kiapo, Mishi. Nilipofika kwa gilasi ya shurubati nikajifunika uso kwa kitambaa cha vumbi. Dalmas akanishika mkono.

"Relax. Nitaongea na madam wako. Nikimwambia nasoma hiyo kitu, atabonyeza hiyo ruhusa mbio kama anafukuzwa. Hii ni easy. Wewe niachie."

Nikamwachia. Nikamwombea dua yeye, mamake, na Bungoma nzima pamoja na mifugo yake.

Wakafungiana ofisini. Nilisimama nje na ndoo. Nikasikia sauti ya madam inapanda, inashuka, halafu kicheko. Kicheko sikukipenda. Mlango ukafunguka, Dalmas akatoka akirekebisha tai.

"Imekubali?"

"Imekubali sana! Kutoka leo mimi ndio meneja wake."

"Nauliza ruhusa yangu, Dalmas."

Akatazama viatu vyake.

"Sasa hapo, dada... Doktori ameomba michoro mingine ya aina hii. Kuna wateja. Madam hajui kushika hata mkasi, unajua wewe mwenyewe. Ukienda sahii, tutaharibu kila kitu. Baada ya msimu, mimi mwenyewe nitakupeleka airport."

"Mtoto wangu haolewi kwa msimu!"

"Si wanaweza ahirisha?"

Nilimwita majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, maana husomwa na watoto. Mkenya mwenzangu! Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kilikuwa kimevaa suti.

Maonyesho yakafunguliwa alasiri iliyofuata. Watu walikuja wakinukia udi, wanaume kwa majoho ya bisht, wanawake kwa abaya za rangi rangi, kila mmoja na simu mkononi. Madam alivaa mavazi yaliyopasuliwa makusudi, mkasi wa dhahabu umening'inia shingoni. Mkasi ule haukuwa na makali, nilijaribu mwenyewe. Mimi niliwekwa ukutani karibu na mchoro, na sinia la tende, ili jicho langu liwe kwenye uji. Dalmas alikuwa akizunguka akigawa kadi mpya zenye jina lake.

Mtu mmoja akamuuliza madam alipata wapi wazo lile.

"Nililala nikalia," akasema madam. "Nikaamka mikono inanituma."

Aliyelala akalia nilikuwa mimi. Mikono iliyotumwa ni hii hapa yenye sinia. Lakini nani anauliza sinia?

Mama Hatim akaletewa kiti cha heshima, mbele kabisa. Doktori Lamya akagonga gilasi, watu wakamgeukia.

"Mabibi na mabwana, mchoraji wa Kifaransa aliwavua wanawake hawa. Dada yetu Abeer amewasitiri. Kabla sijasema zaidi, tuisikie sauti ya kale yenyewe."

Akarekebisha miwani. Akasoma taratibu, kwa madaha, neno moja moja.

"Nguo. Ya kuazima. Haisitiri..."

Niliikaza mikono kwenye sinia. Ile pembe ya leso ilikuwa imeanza tena. Kiyoyozi kiliipuliza toka juu, uji ukatoa mlio mdogo.

"...matako."

Na leso ikaanguka.

Ilianguka yote, ikashuka juu ya kioo mpaka sakafuni. Bibi wa Kirumi akabaki mbele ya watu wakubwa wa Riyadh kama Mfaransa alivyomwacha, na wenzake wote. Mjakazi tu ndiye aliyesalimika.

Bosi Hatim alifumba macho. Madam akaniangalia kwa jicho la kuua.

Halafu Doktori akafuta chozi.

"Anguko la sitara," akasema. "Ameliweka makusudi. Mbele ya macho yetu!"

Makofi yakapasuka. Watu wakasimama. Dalmas akawa anarekodi huku analia kwa furaha ya meneja. Madam alikuwa mwepesi, mpeni haki yake. Akainamisha kichwa, akaweka mkono moyoni, akapokea. Mtu akaagiza kumi kama huo. Nikasikia Dalmas akijibu kwamba itawezekana, msanii yuko tayari, hana safari yoyote mwaka huu.

Hana safari yoyote mwaka huu. Nikajua basi. Ushindi ule wa leso ulikuwa umenifungia mlango na kumeza ufunguo. Nikaweka sinia chini, nikapiga magoti kuiokota leso yangu, machozi yananidondokea kwenye maua yake ya zambarau.

Fimbo ikatua juu ya leso. Nikavuta, haikutoka.

"Ni matako ya nani hayo, mwanangu?"

Kwa Kiswahili. Si cha kubahatisha, wala si cha kuombea maji. Kiswahili cha Lamu, kimenyooka, cha watu waliolelewa wakalelewa.

Niligeuka nyuma kutazama nani mwingine amesema. Hapakuwa na mtu. Alikuwa Mama Hatim, ameniinamia kutoka kwenye kiti chake cha heshima, macho makavu.

"Mama... wajua Kiswahili?"

"Nilikijua kabla ya Kiarabu. Aliyenilea Jeddah alikuwa mtu wa Lamu, Bi Tima. Ndiye aliyenipa mahamri ya kwanza kinywani. Yeye hakuwa akiyaunguza."

Sikuwa na mahali pa kuuweka uso wangu.

"Kila mwaka alimwomba babangu ruhusa ende kwao," akaendelea, polepole, huku makofi yakivuma juu yetu. "Ende akamuoze bintiye. Ende akamzike mamake. Kila mwaka babangu alimwambia, baada ya Hija. Amezikwa Jeddah, mwanangu. Bintiye sikumjua hata jina."

Nililia, sikuficha. Nililia kwa Bi Tima, kwa Mishi, na kwa kila mjakazi aliyeshikishwa mtungi akasahauliwa kwenye mchoro. Mama Hatim alikuwa ameisoma leso tangu siku ya kwanza, akanywa kahawa, akangoja.

Akanyoosha mkono kwa mkwewe.

"Abeer. Simu yako."

"Mama, watu wanapiga picha..."

"Simu. Ifungue kwanza."

Madam alitazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wakitazama. Akaifungua, akampa. Mama Hatim akashusha miwani puani, akapekua kwa kidole kimoja mpaka picha yangu ikatokea, ile ya ikama, niliyopigwa nimekasirika. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu. Navijua vyote vitatu, kila mtumishi huku anavijua. Cha kwanza ni cha kwenda na kurudi. Cha pili ni cha kuondoka moja kwa moja. Cha tatu ni cha kumtangaza mtu mtoro, na huyo akionekana ni pingu.

"Harusi ya Mishi ni Ijumaa hii, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Ijumaa hii."

"Tena hana wa kupokea mahari."

"Hana, mama."

Kidole chake kikazunguka juu ya vile vitufe vitatu, kikasimama.

"Kuna jambo moja tu sijalielewa, nifafanulie." Akainua macho, akanitazama sawasawa. "Huyo bundi wa Suwaidi, uliyekuwa ukimwomba Mungu amchukue kabla mahamri hayajaiva. Ni nani?"

Na kabla sijafungua mdomo, kidole kikabonyeza.